Nukta Mbili, Majibu Mawili

Uamuzi wa kuiachia sheli, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji, izifasiri nukta mbili (..) kwa namna yake katika amri ya cd, ya kuhamia saraka nyingine, huku kiini cha mfumo kikizifasiri vingine kwa amri zilizobaki, ulikuwa kosa, na kanuni za POSIX, zinazosanifisha mifumo ya aina ya Unix, zilizidisha kosa hilo zilipoifanya tabia hiyo kuwa ya kawaida kwa cd.

Kiungo cha ishara, ambacho ni faili dogo linalobeba njia ya kufikia kitu kingine, kilikuja na toleo la Unix liitwalo 4.2BSD mwaka 1983, na kwa mafaili ya kawaida hakina lawama: kompyuta iliyoko Msalato hupata majira yake kupitia /etc/localtime, ambayo kwa kawaida ni kiungo kinachoelekea Africa/Dar_es_Salaam, na safari huishia hapo. Saraka ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake mna nukta mbili zinazorudisha kwenye saraka mzazi.

Ichukuliwe kwamba /kazi/msalato ni kiungo kinachoelekea /hifadhi/dodoma/msalato. Karani akiingia humo kwa jina la kiungo kisha akaandika cd .., sheli, inayokumbuka njia aliyopitia, hukata kipande cha mwisho na kumrudisha /kazi. Akiingia tena humo akaandika ls .., swali huenda kwa kiini, ambacho hutazama saraka halisi, naye huonyeshwa yaliyomo /hifadhi/dodoma. Akiamini alichofundishwa na cd, akaandika rm -r ../muda, itakayofutwa ni /hifadhi/dodoma/muda wala si /kazi/muda, na sheli haitamwonya kwamba amehama, kwa sababu kila upande umetii kanuni yake kikamilifu.

Watetezi wa sheli ya David Korn, iliyofuatwa na sheli ya bash, husema mtumiaji hutarajia kurudi alikotoka. Tarajio hilo ni halali. Kilicho batili ni kulitimiza katika amri moja na kulivunja katika nyingine zote. Katika Unix ya awali ya Thompson na Ritchie, nukta mbili zilikuwa ingizo halisi la saraka, lenye jibu moja kwa kila programu. Hata Plan 9, mfumo usio na viungo vya ishara lakini unaoruhusu saraka moja kubandikwa mahali pengi, ilitendewa haki na Rob Pike mwaka 2000, alipokifanya kiini chenyewe kikumbuke jina ambalo faili lilifunguliwa kwalo, hata programu zote zikakubaliana.

Katika bash, msimamizi wa seva anaweza kuandika set -P, na tangu hapo cd nayo hufuata saraka halisi.