Kumbukumbu Isiyokumbuka: Istilahi za Kompyuta Mbele ya Mnunuzi

Msomaji wetu amezoea kuona istilahi zikipimwa mezani, kamati ikiwa imeketi na orodha mbele yake. Safari hii tumependa kuzipima dukani. Tumeuchagua mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, kwa sababu huko kompyuta hainunuliwi kwa mzaha. Mji huo una kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo ambacho wanafunzi wake husoma wakiwa majumbani na makazini. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo kompyuta ndiyo darasa na ndiyo maktaba. Wengine hununua mashine hapo kabla ya kupanda basi la Dodoma au la Arusha kwenda kuanza mwaka wa kwanza. Aghalabu fedha zenyewe zimetokana na mahindi au mbaazi za mzazi, na anayekosea kuchagua hana fedha za kununua ya pili.

Kosa hilo, kwa maoni yetu, mara nyingi huanzia katika neno. Kompyuta yoyote ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pamoja ni pale inapoyaweka yale inayoyashughulikia kwa wakati huo, napo hufutika mara umeme unapokatika. Pengine ni pale panapotunza kazi iliyokwisha kufanywa, mashine iwe imewashwa au imezimwa. Vyote viwili hupimwa kwa gigabaiti, na madukani vyote viwili huitwa “memori”. Basi mnunuzi huambiwa kwamba mashine hii ina memori 500 na ile ina memori 256, akachukua yenye 500 kwa furaha, asijue kwamba ile ya pili ilikuwa na gigabaiti 8 za kufanyia kazi, na yake ina 2 tu. Akifika chuoni akafungua kitabu, tasnifu anayoiandika na ukurasa wa maktaba kwa pamoja, mashine hukwama. Haikuharibika, ndivyo ilivyonunuliwa.

Je, istilahi zetu zilizoandikwa vitabuni zingemwokoa? Hapa ndipo tunapokuwa na shaka. Orodha nyingi hutoa neno “kumbukumbu” kwa kile cha kwanza, yaani kinachofutika. Wafasiri walilitazama neno la Kiingereza, wakatafuta mwenzake, wakaridhika. Lakini Kiswahili kina mazoea yake na neno hili. Karani huandika kumbukumbu za kikao ili zisipotee. Ofisi hutunza kumbukumbu. Siku ya kumbukumbu huadhimishwa ili jambo lisisahaulike. Katika matumizi hayo yote kumbukumbu ni kitu kinachobaki. Kumpa mwanafunzi neno hilo kwa sehemu ya mashine ambayo husahau kila kitu izimwapo ni kumwelekeza upande usio wake, na mtumishi wa serikali aliyezoea majalada ndiye atakayepotea zaidi.

Tungependa kuona “kumbukumbu ya muda” ikiandikwa kwa ukamilifu kila mahali, pasipo kuikata, na neno “hifadhi” likiachiwa kazi ya pili peke yake. Uzuri wa “hifadhi” ni kwamba kitenzi chake tayari kinatumika: mwanafunzi huambiwa ahifadhi kazi yake kabla umeme haujakatika. Aliyehifadhi, kazi yake imo katika hifadhi. Jina na kitenzi vinashikana mkono, na mwalimu hana haja ya kueleza mara mbili. Watu wa Babati, ambao Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ni jirani yao, wanajua vyema kwamba kilichomo hifadhini kimo, watazamaji wawepo au wasiwepo.

Kwa upande mwingine, “diski ngumu” yafaa ipumzishwe. Ugumu wake ulikuwa na maana ilipokuwapo ile diski nyingine ya plastiki iliyopinda, ambayo mwanafunzi wa leo hakuwahi kuiona. Isitoshe, mashine nyingi mpya hazina tena sahani inayozunguka ndani yake, hata neno “diski” lenyewe limebaki bila kitu cha kulitetea.

Si kila neno lina kasoro. “Kichakataji” limetoka katika kuchakata, kazi inayojulikana na kila aliyewahi kuona mkonge ukigeuzwa nyuzi. Linaeleza vizuri sehemu inayopokea malighafi na kutoa kitu kingine. “Kupakia” na “kupakua” ni bora zaidi, kwa kuwa ni jozi ya zamani ambayo wachukuzi wa stendi huitumia kila siku, na mwelekeo wa kila kimoja haukosewi. Ama “ngamizi”, tunaona afadhali liachwe, maana halikai mbali na maangamizi. “Tarakilishi” lina makao yake Kenya, katika vitabu vya shule. Kwetu “kompyuta” imekwisha kushinda.

“Kipakatalishi” latutaabisha. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na wazo hilo ni zuri. Lakini mkia “-lishi” umekatwa kutoka katika “tarakilishi” na hauna maana yake wenyewe. “Kompyuta mpakato” nayo yasomeka kama jina la kitendo. Kiswahili kina njia ya kawaida ya kutaja chombo, kama tusemavyo mashine ya kushonea; “kompyuta ya kupakata” ingeeleweka na mama muuza mboga bila kamusi.

Huenda msomaji akasema kwamba duka halitafuti idhini ya baraza. Ni kweli. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilipolegezwa baadaye vifaa viliingia na majina yake ya Kiingereza. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitayarisha. Kazi ya kupongezwa, ila wanafunzi walikwisha kuzoea skrini ya Kiingereza, lugha wanayofundishiwa. Tazama, kinyume chake, “kishikwambi”. Umbo lake si jepesi, na wengi waliliona geni. Lakini katika Sensa ya Agosti 2022 kifaa na jina viliingia mikononi mwa makarani siku moja, kisha vikapelekwa kwa walimu, na leo hakuna anayeuliza maana yake.

Kwa hiyo tunapendekeza pa kuanzia pawe palipo karibu. Vyuo vyetu huwaandikia wanafunzi wapya barua za kujiunga, na humo hutajwa vifaa vya kuja navyo. Kompyuta inapotajwa, iandikwe kwa Kiswahili kwamba kumbukumbu ya muda isipungue gigabaiti 8 na hifadhi isipungue 256, ili mzazi wa Babati aingie dukani na barua hiyo mkononi, na muuzaji alazimike kuijibu.