Land Rover 109 Iliyofufuliwa: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi

Anayeijua Land Rover haanzi kwa kusifia rangi. Hutoa sumaku ndogo mfukoni na kuigusisha kwenye madigadi, kwenye ngozi ya nje ya milango na kwenye mbavu za bodi. Katika 109 iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, sumaku huteleza na kuanguka, kwa kuwa sehemu hizo ni za Birmabright, mchanganyiko wa aluminiamu na magnesiamu. Ikinata, ujue pameshapita fundi na bati la chuma. Hilo peke yake si kasoro. Bati la chuma lililokunjwa kwa unyoofu na kupakwa praima pande zote mbili hudumu miaka mingi. Kasoro ni kulibananisha na aluminiamu bila mpira wala rangi katikati, maana unyevu ukiingia tu, metali hizo mbili huanza kulana, na dalili yake ni unga mweupe unaochungulia kwenye maungio.

Baada ya sumaku, kifundo cha kidole. Sumaku haiwezi kufichua puti iliyopakwa juu ya aluminiamu, lakini sikio linaweza: bati tupu linalia, penye puti nene panajibu kwa sauti butu. Puti nyembamba ya kusawazisha ni sehemu ya kazi. Inayofika unene wa kidole imeziba tundu, na itapasuka kabla ya mvua za masika kwisha.

Wengi Mwanza wanapotamani gari la zamani lenye nguvu na sura ya kiume, hawatamani yale ya Marekani ya miaka ya 1960. Wanataka 109, au ndugu yake mfupi, 88. Namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ndilo gari la polisi, la misheni na la hifadhi ambalo vizazi viwili vya Kanda ya Ziwa vilikua vikiliona likipanda mahali ambapo magari mengine yaligeuza. Na ndilo gari la kale ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulijenga upya bila kuuza kiwanja, kwa sababu iliyoko kwenye mchoro wake wa kwanza.

Land Rover ilioneshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, na kampuni ya Rover haikuwa na fedha za kuagiza mashine kubwa za kufinyanga mabati. Mhandisi wake, Maurice Wilks, na wenzake wakaunda bodi ya mabati bapa yanayokunjika kwa vifaa vya kawaida, wakaifunga kwa bolti juu ya chasisi iliyotengenezwa kwa kuchomelea vipande vinne vya chuma mpaka vikawa boksi refu. Unafuu, basi, ulizaliwa na gari lenyewe. Karakana ya hapa Mwanza, Nyakato au Igoma, inayokunja digadi kwa mkono inafanya kazi ileile iliyofanywa Solihull, na ikifanywa vizuri haina sababu ya kuionea haya. Mwaka 2018 kiwanda chenyewe kiliuza magari 150 ya Defender, mrithi wa 109, yaliyojengwa upya, kila moja likiwa na injini ya V8 ya nguvu farasi 405, bei ikianzia pauni 150,000. Ni magari ya kuvutia. Lakini mtu aliyewahi kushika 109 iliyofufuliwa kwa subira na mafundi wetu atajua kwamba si fedha zinazotenganisha kazi nzuri na mbaya.

Kinachotenganisha ni spana. Gari hili lilibuniwa lifunguke: digadi linatoka kwa bolti, mlango unatoka kwa bolti, sehemu ya juu ya mlango inatoka kivyake, hata sakafu ya mbele inang'olewa ili fundi aione gia boksi. Fundi mvivu huchomelea kila kiungo, kwa kuwa bolti zilizoshika kutu ni taabu kuzifungua na uchomeleaji ni wa dakika chache. Gari linaonekana imara. Siku klachi itakapokwisha, mwenye gari atalipia kukatwa kwa sakafu. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja, na liulizwe huku kidole kikielekeza mahali mahususi: “Fundi, hapa panafunguka?”

Kisha mnunuzi alale chini ya gari. Chasisi ndiyo yenye thamani kuu, na huoza kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo rangi nyeusi iliyopakwa jana haithibitishi chochote. Nyundo ndogo ipite kila sentimita kadhaa, hasa kwenye boriti ya nyuma kabisa, kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, na juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hukaa bila kukauka. Chuma kizima hulia wazi. Kiraka si aibu, mradi kiwe cha bati la unene unaolingana na chasisi, kilichovuka eneo lililooza hadi kwenye chuma kizima, na mshono wake uwe umezunguka kote bila kukatika. Madonge ya hapa na pale yenye nafasi katikati ni kiraka cha kuuzia.

Unyoofu hupimwa kwa uzi. Uzi uvutwe kutoka kwenye bolti ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha mwingine kinyume chake. Vipimo vikitofautiana sana, chasisi imepinda na gari litakwenda upande kama kaa. Ni kipimo cha dakika kumi na hakihitaji mashine, na bado wanunuzi wengi hukiruka, wakahangaika mwaka mzima na matairi yanayolika upande mmoja.

Mazingira ya ziwa yana habari zake. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na gari lililokaa Mwanza maisha yake yote mara nyingi huwa na chasisi yenye afya kuliko lililotoka Tanga au Unguja. Lakini liulizwe lilibeba nini. Gari lililopiga safari za soko la samaki la Mwaloni Kirumba likiwa na samaki wa chumvi, au sangara kwenye barafu inayochuruzika, lina hatari zilezile za pwani. Na lililozoea kuoshwa kwa kuingizwa ziwani lifunguliwe nati ya difu: mafuta yakiwa na weupe wa chai ya maziwa, maji yameingia na beringi zimeanza kuliwa.

Juu ya chasisi kuna ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Huo ndio unaobeba bawaba za milango, pedali na usukani. Ukioza miguuni na kwenye nguzo za milango, hakuna marekebisho ya milango yatakayodumu. Fedha chache zilizopo ziende kwanza kwenye chasisi, kwenye ukuta huu na kwenye breki. Injini ifuate, rangi ije mwisho. Mafundi waaminifu husema hivyo wenyewe; anayeanza kwa kuzungumzia rimu na viti vya ngozi aachwe aendelee na wateja wengine.

Injini ya asili, ya silinda 4 na sentimita za ujazo 2,286, ni mvumilivu lakini haina haraka. Wengi huiondoa. Chaguo la busara kwa Mwanza ni 3L ya Toyota, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779 iliyozoeleka kwenye Hiace, kwa kuwa spea zake ziko kila kona na kila fundi wa daladala anaijua. Wanaotaka nguvu zaidi huweka 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda 6 kwa mstari. Hapo ndipo ustadi huonekana. Injini hiyo ni nzito na ndefu, na fundi mwenye haraka huipatia nafasi kwa kukata ukuta. Solihull wenyewe walikutana na tatizo hilo mwaka 1979 walipotia V8 ya lita 3.5 kwenye 109; walisogeza rejeta na grili mbele hadi uso wa gari ukalingana na madigadi. Nakala inayofuata njia hiyo ni nzuri zaidi, na pia ni sahihi kihistoria.

Kipande kinachounganisha injini ya Toyota na gia boksi ya Land Rover kinastahili kukaguliwa kuliko injini yenyewe. Kikerezwe kwa mashine, kutoka kipande kimoja cha chuma kizito, na vituo vya shafti mbili vilingane kabisa. Kikiwa kimepishana hata kidogo, klachi itatetemeka na beringi ya mbele ya gia boksi itakufa mapema. Springi za mbele ziwe zimeongezewa nguvu ili kubeba uzito mpya, na breki za drami ziwe zimeboreshwa kulingana na kasi mpya. Na popote palipochomelewa kwenye mikono ya usukani, biashara iishie hapo.

Sura nayo ina ukweli wake. Anayejenga ya miaka ya mwanzo ya 1960 aweke taa ndani ya grili na saa katikati ya dashibodi. Taa zilihamia kwenye madigadi kuelekea mwishoni mwa muongo huo, na saa zikaja mbele ya dereva na toleo la 1971, pamoja na grili ya plastiki. Kuchanganya ni uamuzi wa mwenye gari, lakini asiuziwe mchanganyiko kwa jina la mwaka fulani. Matairi ya 7.50-16 ndiyo yanayoipa kimo chake. Rangi isiyotanguliwa na praima maalumu ya aluminiamu hubanduka vipande vipande, na inayong'aa kama kioo haikuwahi kutoka kiwandani.

Barabarani, mwinuko wa Mwanza usisahaulike. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, dizeli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96. Gari lipandishwe kilima cha Bugando likiwa na watu, bila kupumzika. Moshi mweusi mwingi unaonesha pampu imefunguliwa mafuta kupita hewa iliyopo, na mfuniko wa rejeta usioshika mgandamizo utajitangaza wenyewe. Mtetemo usikilizwe kwa mwendo usiobadilika. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 zinazofaa kwa kazi hiyo, na propela shafti iliyopindishwa pembe vibaya huanza kuimba hapo. Hendibreki ijaribiwe kwenye mteremko wa kivuko cha Kamanga. Katika 109 hendibreki hushika propela shafti nyuma ya transfa, si magurudumu, na fundi aliyebadilisha gia boksi ovyo huiacha bila kazi.

Mwisho ni kadi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye mkono wa springi ya mbele kulia isomwe baada ya kusuguliwa rangi, ilinganishwe na kadi, na namba ya injini mpya iwe imeshaandikishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa jina la anayeuza. Muuzaji anayeomba suala hilo lisubiri hadi baada ya malipo anabaki na gari lake.