Mwamba Ngoma

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Aghalabu methali hii tunaitumia tukizungumzia siasa, mirathi au ugomvi wa majirani. Leo nataka kuirudisha nyumbani kwake, yaani kwenye sauti. Tangu nilipostaafu nimesoma maelezo mengi yaliyoandikwa na watu wenye amplifaya za bei kubwa, hasa zile za chotara. Maandishi hayo yana mtindo wake na misamiati yake, nayo yanastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya. Pengine yanastahili zaidi, maana riwaya mbaya hunipotezea jioni moja, lakini maelezo ya mwenye amplifaya humfanya mtu mwingine afungue mkoba.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Kazi ya amplifaya ni kupokea umeme dhaifu unaobeba muziki na kuukuza hadi uweze kusukuma spika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na valvu, zile chupa za kioo zenye waya unaowaka ndani. Wazee wenzangu wanazikumbuka kutoka kwenye redio kubwa za mbao, ambazo ziliwashwa kisha zikasubiriwa zipate moto kabla hazijatamka neno. Mwaka 1947 transista ilizaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani, na baada ya miaka michache valvu zikaanza kuondoka sebuleni. Chotara ni ndoa ya hao wawili: valvu huupokea muziki mlangoni, transista huusukuma hadi kwenye spika. Ndoa hii ina sababu. Valvu huweza volti nyingi lakini mkondo wake ni mdogo, kwa hiyo amplifaya ya valvu tupu kwa kawaida huhitaji transfoma nzito ya kuipatanisha na spika. Transista hutoa mkondo mwingi bila transfoma hiyo. Mfano mmoja ni McIntosh MA252 ya Marekani, iliyotoka mwaka 2018 kwa dola 3,500. Ina valvu nne ndogo mbele na transista nyuma, na hutoa wati 100 kila upande kwa spika za omu 8.

Sasa tuwasikilize wenye mali. Maelezo yao hufuata njia moja kama ngano. Mwandishi huanza kwa kutaja amplifaya aliyokuwa nayo zamani, ambayo alidhani inamtosha. Kisha sanduku linafika, zito, linabebwa na watu wawili. Usiku wa kwanza sauti ni nzuri lakini bado ina ukakasi. Baada ya saa mia moja inafunguka. Ndipo anaposimulia kwamba mkewe, ambaye hana habari na mambo haya, alipita mlangoni, akasimama, akauliza kumebadilika nini. Mke huyu nimemkuta mara nyingi mno hata namhesabu kuwa mhusika wa kudumu, kama sungura katika hadithi zetu. Mwisho hufika hukumu: valvu zimeleta joto na utamu, transista zimeleta nguvu.

Hukumu hiyo ndiyo inayonitia shaka. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba haielezi kilichosikika, bali inaeleza kilichomo ndani ya kasha. Mwandishi alijua kwamba ndani mna valvu, na kila mtu alishamwambia kwamba valvu ni joto, basi akaandika joto. Alijua mna transista, akaandika nguvu. Mwalimu yeyote amewahi kukutana na mwanafunzi wa namna hii: anaandika insha juu ya kitabu alichokisoma jalada.

Sisemi kwamba utamu wa valvu ni uzushi. Nilifundisha fizikia kabla ya kukabidhiwa chuo cha ualimu, na naijua sababu yake. Valvu nyingi huongeza kidogo sauti ambazo hazikuwemo, hasa ile ya oktava moja juu ya sauti ya asili, na sikio huipokea nyongeza hiyo kwa ukarimu. Tena amplifaya ya valvu tupu haiishiki spika kwa mkono imara kama ya transista, hivyo baadhi ya sauti huinuka na nyingine hushuka kulingana na spika iliyounganishwa. Lakini katika chotara anayeishika spika ni transista. Sababu ya pili kwa sehemu kubwa imeondoka, na ile ya kwanza inategemea mhandisi alitaka nini. Kuwepo kwa kioo mbele ya macho si ushahidi wa kuwepo kwa utamu masikioni.

Na macho yana sehemu yake. Katika hiyo MA252 valvu zimesimama wazi juu ya kasha, zinang'aa rangi ya machungwa wakati zinapata moto, kisha kijani zikiwa tayari. Mwanga huo unapendeza, ila si wa valvu. Ni wa taa ndogo za LED zilizowekwa chini yake. Sioni ubaya wowote. Mtengenezaji hakuuficha, na mtu ana haki ya kupamba sebule yake. Lakini mwenye mali anapoketi gizani, anautazama mwanga huo na kuandika kwamba sauti inang'aa, nina haki ya kumuuliza amelipata wapi neno hilo.

Katika mitihani yetu karatasi zilisahihishwa kwa namba, si kwa majina. Hatukufanya hivyo kwa kuwa walimu ni waongo. Tulijua tu kwamba mwalimu mwaminifu kabisa, akiona jina la mtoto anayempenda, kalamu yake huteleza bila yeye kujua. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Amplifaya nazo zimewahi kusahihishwa kwa namba. Mwaka 1987 jarida la Stereo Review la Marekani liliwaketisha wasikilizaji mbele ya amplifaya za bei tofauti kabisa, zikiwemo za valvu, bila kuwaambia ipi inapiga. Kwa jumla majibu yao hayakuwa bora kuliko kurusha sarafu. Miaka miwili kabla ya hapo, fundi Bob Carver alikuwa amewaahidi wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista isikike sawasawa na yoyote watakayoichagua. Wakachagua ya valvu, ya bei kubwa mno kuliko yake. Akapima tofauti ya hizo mbili, akarekebisha, akapima tena, mpaka wahariri wakakiri kwamba hawazitofautishi. Baadaye kukatokea mabishano kama zile za kiwandani zililingana na ile ya majaribio. Hata hivyo, wahariri walikiri yale waliyoyasikia chumbani siku zile.

Rafiki yangu mmoja, tabibu, ana chotara na amplifaya ya transista. Tulizifunika kwa kanga, nikasawazisha sauti zake kwa mita ya umeme, kwa kuwa tofauti ya desibeli moja tu, yaani asilimia 12 hivi ya volti, hutosha kumfanya msikilizaji aseme hii ni nzuri zaidi bila kutambua kwamba ni kubwa zaidi. Katika mara kumi alipatia sita. Mara kumi ni chache, na sikumwambia kwamba hakuna tofauti. Nilimwambia kwamba tofauti hiyo, kama ipo, ni ndogo kuliko maneno aliyokuwa akinisimulia. Alicheka, akaondoa kanga ili azione taa zake.

Yeye anaweza kucheka. Fedha ni yake na anayo. Sikuweza kucheka nilipopata barua ya mwanafunzi wangu wa zamani, mwalimu aliyekuwa amepata kiinua mgongo chake. Alitaka kutenga sehemu kubwa ya fedha hiyo aagize chotara kutoka Ulaya, na alinitumia kurasa saba za maelezo ya wenye mali kama ushahidi. Nilizisoma zote. Katika kurasa saba hakuna aliyesema spika zake ni zipi na chumba chake kina ukubwa gani. Hakuna aliyefunika kitu chochote. Na hakuna aliyetaja umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kwa sababu kwao haukatiki. Nilimjibu kwamba abadilishe spika kwanza, maana hapo tofauti husikika hata na asiyetaka kusikia, na fedha itakayobaki aezeke nyumba.

Je, tuyatupe maelezo ya wenye mali? Hapana. Yapo mambo ambayo mwenye mali ndiye shahidi bora, na hakuna maabara itakayomshinda: valvu zilidumu muda gani, zilipatikana wapi zilipokufa, kasha linapata moto kiasi gani mwezi wa Januari, kuna mvumo ukikaa karibu na spika, fundi alipatikana au alikosekana. Zaidi ya yote, je, katika mwaka wa tatu bado anaiwasha, au inakusanya vumbi huku yeye akisikiliza redio ya jikoni? Maelezo ya namna hiyo ni machache, kwa sababu watu huandika katika fungate. Msomaji akinipatia ukurasa mmoja wa mwaka wa tatu, nitampa hizo saba za usiku wa kwanza na nauli juu yake.