Mstari Usioulizwa Jina

Katika kazi zote azifanyazo mwalimu wa watoto, sidhani iko iliyo latifu, wala yenye kudai subira, kama kumpa mtoto wa miaka sita karatasi na kipande cha kaa, kisha kukaa kando yake bila ya kumwuliza, "Hiki ulichochora ni nini?" Swali hilo, ambalo sisi watu wazima hulitoa kwa huba na kwa nia njema, ndilo aghalabu liufungalo mkono wa mtoto, maana akishaulizwa, naye alikuwa hajachora kitu ila mwendo wa mkono wake, hana budi kutafuta jina upesi, aseme ni nyoka au ni kamba, na tangu siku hiyo ajizoeze kuchora majina.

Mimi mwenyewe nimelitenda kosa hilo. Mvulana mmoja alikuwa akizungusha kaa lake kwa utulivu ulionistaajabisha, duara juu ya duara, hata katikati ya karatasi pakawa na weusi kama wa kisima, nami nikashindwa kuuzuia ulimi. Akanitazama, akaitazama karatasi, akaongeza masikio mawili na mkia, akanijibu, "Paka, mwalimu." Paka yule hakuwapo kabla ya swali langu.

Sanaa dhahania, yaani uchoraji usioiga umbo la kitu bali unaotosheka na mstari, rangi na mizani yake, hudhaniwa kuwa elimu ya wakubwa waliochoshwa na picha za kawaida. Mchoraji Paul Klee, aliyezaliwa karibu na mji wa Bern nchini Uswisi mwaka 1879, akafundisha katika chuo cha Bauhaus nchini Ujerumani tangu 1921 hata 1931, hakuiona hivyo. Mwaka 1925 alitoa kitabu kidogo cha masomo ya kuchora, na somo lake la mwanzo si uso wala nyumba, bali ni nukta iondokayo mahali pake ikaenda kutembea pasipo haja maalumu, ikawa mstari. Na alipoanza mwaka 1911 kuziorodhesha kazi zake zote daftarini, hakuona haya kuzitia humo baadhi ya picha alizozichora utotoni.

Somo hilo la nukta ni sahali kwa mtoto yeyote. Mstari uanze popote, utembee karatasi nzima bila ya kuinuliwa mkono, ujipitie wenyewe mara nyingi upendavyo, kisha urejee ulikotoka. Humo huzaliwa vyumba vidogo na vikubwa, vingine vyembamba kama ukucha, na mtoto hupewa rangi tatu tu na sharti moja: vyumba viwili vinavyogawana ukuta visivae rangi moja. Nimewaona watoto wasiotulia darasani wakiinamia sharti hilo saa nzima, wakifuta na kufikiri upya, kwa kuwa uhuru uliotiwa mpaka kidogo humpa mtoto kitu cha kushindana nacho.

Nao watoto wa pwani yetu wamezaliwa ndani ya sanaa hii pasipo kuambiwa jina lake. Hutambaa juu ya mikeka ambayo chane za ukindu, nyingine zimetiwa rangi, zimesukwa kuwa kili, na kili zikashonwa ubavu kwa ubavu hata mistari ikaenda ikipanda na kushuka toka ukingo hata ukingo. Wala sijamsikia mtu akimwuliza msusi mkeka wake ni picha ya nini. Watu husema umesukwa vizuri, rangi zimekubaliana, pindo limenyooka. Hukumu hizo ni za haki kabisa, nazo ndizo ninazozitaka kwa karatasi ya mtoto.

Siku moja niliwataka watoto wafumbe macho na kuchora sauti waisikiayo. Uani palikuwa na mtu akikuna nazi. Msichana mmoja, aliyekaa karibu na mlango, akaanza kupiga vistari vifupi vilivyoinama upande mmoja, vyepesi, vikifuatana kwa kipimo sawa. Ikaja nafasi tupu, maana mkunaji alikuwa akiizungusha nazi mkononi. Kisha vistari vikarejea, vikazidi kuwa vizito, na mwishoni, meno ya mbuzi yalipogusa kifuu, kaa lake likakwaruza kwa nguvu hata likavunjika vipande viwili. Akafumbua macho. Nilikaa kimya, ingawa moyo ulinisukuma kunena. Aliipitisha mbele yangu karatasi ile bila ya neno, akachukua kipande kilicho kirefu zaidi, akaomba karatasi nyingine, kwa kuwa nusu ya pili ya nazi ilikuwa haijakunwa.