Homa Hupimwa, Haibahatishwi

Baridi ya milima ya Kisii na Nyamira huchelewesha kimelea cha malaria kukomaa ndani ya mbu, ndiyo maana miaka mingine ugonjwa hupita kimya. Lakini mvua na joto vikizidi, kama wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, huzuka mlipuko unaowalaza watoto na wazazi wao pamoja, kwa kuwa wengi huku hawana kinga ya kutosha mwilini. Katika eneo kama Magwagwa, karibu na bonde la mto Sondu, ninamheshimu sana mhudumu wa afya ya jamii anayejua kupima kabla ya kutibu.

Mtazame kazini. Akishakaribishwa bomani, huuliza: homa ilianza lini? Mtoto ananyonya? Amepatwa na degedege? Akiona dalili ya hatari, humwandikia rufaa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili hizo zisipokuwepo, hunawa mikono na kuvaa glavu. Hukifuta kidole kwa spiriti na kukiacha kikauke kabisa, kisha hukichoma pembeni mwa ncha, pasipouma sana. Tone la damu huingia kwenye kitundu chake katika kifaa cha kupimia, maji ya kipimo kwenye kingine, naye huandika saa. Halafu hungoja. Akisoma mapema au akichelewa, jibu halitegemeki. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo hicho hutupwa, kingine hufunguliwa. Mstari wa malaria ukitokea, hata uwe umefifia, ni malaria.

Hapo hutoa dawa ya malaria, dozi sita za siku tatu, na ya kwanza humezwa mbele yake. Kipimo kisipoonyesha malaria, hatoi dawa ya malaria hata mama akisihi. Hutafuta chanzo kingine cha homa.

Majibu yote huyaandika, ya wenye malaria na ya wasio nayo. Idadi hizo zikikusanywa kwa wiki, kijiji kinachoanza kuwaka hujulikana kabla wodi hazijajaa.

Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa mikoba ya kazi kwa wahudumu zaidi ya 100,000 nchini. Ni jambo jema, lakini ustadi huu hauna kazi vipimo vikiisha. Tumlipe mhudumu posho yake kwa wakati, na mkoba wake usikae mtupu hata wiki moja ya masika.