Tupa Ndiyo Iliyoharibu, Si Kontrola

Tuanze na tupa. Mlioitazama ile video ya karakana ya Dar es Salaam iliyofunga mota ya 36V kwenye Phoenix ya muuza mikate mmeona wenyewe: gurudumu jipya linagoma kuingia mdomoni mwa foki ya mbele, fundi anachukua tupa, anasugua huku na huku hadi ekseli inazama, anakaza nati na kuendelea. Katika video ya pili mteja amerudi na malalamiko, karakana inamuuzia kontrola. Akarudi tena, akauziwa nyingine. Kontrola zile hazikuwa na kosa lolote. Kazi iliharibika pale penye tupa.

Katika gurudumu la kawaida ekseli hubeba uzito, basi. Mota ya habu ina mambo mengine: inaposukuma ringi kwenda mbele, inaisokota ekseli kwa nguvu ileile kurudi nyuma. Kinachoizuia isizunguke ni bapa mbili zilizochongwa kwenye ekseli, zenye unene wa milimita 10, zikiwa zimebanwa na mdomo wa foki. Mota ndogo ya aina hii hufikisha Nm 40 ikipanda kilima na mzigo. Piga hesabu kwenye hizo milimita 10: midomo miwili ya foki inagawana msukumo unaokaribia uzito wa kilo 400, na unakuja kila mara eksileta inapokamatwa.

Foki ya Phoenix ilitengenezwa kwa ekseli nyembamba zaidi, kwa hiyo kuupanua mdomo wake kidogo naweza kukubali. Mafundi wengi hulazimika. Ila chuma ukishakipunguza hapo, lazima ile nguvu uipe mahali pengine pa kushika, na mahali penyewe panajulikana: mkono wa ekseli. Ni kipande cha chuma chenye tundu linalokumbata bapa za ekseli bila kuacha nafasi, halafu kinafungwa kwa klampu kwenye mguu wa foki. Mkono wa sentimita 10 tu unazigeuza zile kilo 400 kuwa kilo 40, na foki ya chuma inazibeba bila taabu. Rudini kwenye video mtazame meza. Mkono upo, umo kwenye mfuko wake wa plastiki karibu na spana. Fundi anausogeza ili apate nafasi ya kuweka tupa. Mtengenezaji aliutia ndani ya seti ya mota, mteja aliulipia, na fundi akauacha mezani. Uamuzi huo siwezi kuutetea kwa namna yoyote.

Nati haiwezi kufanya kazi ya mkono. Ukiikaza sana unaharibu nyuzi za ekseli, na ikilegea kidogo tu, ekseli inaanza kujisogeza, inautafuna mdomo uliokwisha kupunguzwa, mwisho inazunguka mzima mzima. Na waya za mota zinatokea ndani ya ekseli hiyohiyo. Ikizunguka, inazisokota hadi ngozi ichanike na shaba igusane.

Sasa msikilize mteja katika video ya pili: “Fundi, inanguruma tu, haiendi. Hata nikizima betri, kuisukuma nzito.” Sentensi ya pili ina jibu lote. Gurudumu la mota linakuwa zito betri ikiwa imezimwa pale nyaya tatu nene za mota zinapogusana mahali fulani. Kujua ni wapi hakuhitaji hata mita: chomoa plagi kati ya mota na kontrola, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa jepesi, kontrola imeungua. Likibaki zito, hitilafu iko kwenye waya au ndani ya mota, na kontrola mpya utakayofunga itaungua kama ya kwanza. Kipimo hicho ni cha dakika moja. Fundi hakuigusa plagi, wala hakuinama kuitazama ekseli. Alimwambia, “Mzee, umebeba mzigo mkubwa.” Mikate!

Kuunga waya na kufunga betri chini kwenye fremu alifanya vizuri.

Nimeandika mara nyingi juu ya mota za mbele na sitaacha. Mzigo wetu hukaa kwenye keria, nyuma. Gurudumu la mbele likibaki jepesi linateleza kwenye mchanga na tope. Ogden Bolton wa Ohio, Marekani, alipopata hataza ya baiskeli ya umeme tarehe 31 Desemba 1895, mota yake aliiweka gurudumu la nyuma. Wanaofunga mbele wanafuata urahisi wa kazi.

Na breki? Ringi ya asili ya Phoenix ni ya milimita 635. Iliyokuja na mota, ingawa imeandikwa 28, ni ya 622. Vipande vya breki za vyuma havikutani nayo, ndiyo maana mliona vyuma vya breki ya mbele vimefungwa pembeni kwa waya. Baiskeli imeongezewa mwendo na kupunguziwa breki. Wale wazee waliokuwa wakitengeneza Raleigh na Swala chini ya miembe wasingemkabidhi mtu baiskeli yenye breki moja. Walipanda wenyewe kwanza, wakaijaribu, ndipo wakapokea fedha.

Karakana imrudishie mzee fedha za kontrola zote mbili. Foki iliyotafunwa itupwe, ifungwe mpya, waya wa mota ubadilishwe, na mikono ya ekseli iwekwe miwili, kila mguu wa foki na wake. Breki ya mbele irudi kabla baiskeli haijatoka mlangoni. Gharama zote ni za karakana.