Panki na Mapokeo: Sauti ya The Pogues

Wahakiki wetu wamezoea kuyapima mabadiliko ya sanaa kwa jicho. Tangu ubishi wa miaka ya 1970 juu ya vina na mizani, uliochochewa na Kichomi cha Kezilahabi (1974), tumekuwa tukiuliza ni kanuni ipi iliyovunjwa karatasini. Kundi la The Pogues, lililoanzishwa London mwaka 1982, latulazimisha kuliuliza sikio.

Kundi hili lilichanganya panki, muziki wa ghadhabu wa vijana wa Uingereza wa miaka ile ya 1970, na nyimbo za jadi za Ayalandi. Mtu angetazamia kwamba panki ingebomoa kila kitu. Sivyo. Beti zimebaki beti, kibwagizo hurejea mahali pake, na filimbi ya bati, kodiani na banjo huifuata lahani kwa utiifu. Kilichogeuka ni mwendo na sauti: nyimbo nyingi zakwenda mbio, naye Shane MacGowan (1957–2023) huziimba kwa koo lililokwaruzika, akimeza silabi kama mtu anayegombana mlangoni pa kilabu. Ukizisoma tungo zake utamwita mwanamapokeo. Ukimsikia utamwita mwasi. Hukumu zote mbili ni sahihi, na hapo ndipo nadharia yetu ya karatasi inapokwama. (Hata jina la kundi ni tusi la Kigaeli lililofupishwa, linalomwambia mtu abusu makalio ya msemaji.)

Je, walichafua urithi usio wao, maana MacGowan alizaliwa Uingereza, ingawa wazazi wake walitoka Ayalandi? Tuutazame wimbo “Dirty Old Town”, waliourekodi mwaka 1985. Wengi hudhani ni wa jadi ya Ayalandi. Kumbe Ewan MacColl aliutunga mwaka 1949, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, akiusawiri mji wake wa Salford, Uingereza. The Dubliners wakauimba, na mtungaji akasahauliwa na wengi. Miaka isiyotimia 40 ilitosha kuufanya mapokeo. Tena wazee hao hao wa The Dubliners, walioanza mwaka 1962, waliimba “The Irish Rover” pamoja na The Pogues mwaka 1987.

Kasoro ipo, nayo haitokani na uasi. Ulevi umeimbwa mno hata ukawa desturi, na wenye dharau wakapewa tena picha yao ya kale ya Mwayalandi mlevi. Ndiyo maana nauweka mbele “Thousands Are Sailing” (1988), wimbo wa Philip Chevron kuhusu wahamiaji waliovuka bahari kwenda Marekani. Humo chupa imesogezwa kando, na uchungu wa kuhama unasikika.